Kwaya yangu inasifiwa, lakini mama yangu haimbi tena

Mpendwa Mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, huu ukiwa mwaka wangu wa 14. Nilianza na waimbaji 9 na kinanda ambacho nota tatu zilikuwa hazilii kabisa. Leo tuko 41, tuna wapiga kinanda wawili, na tukizipanga vizuri sauti nne hata mimi mwenyewe husisimka. Sijisifu, nataka tu uelewe kwa nini jambo hili limeniuma.

Miezi michache iliyopita tuliletewa paroko mpya. Dominika tatu za mwanzo hakusema neno. Ya nne, alipofika kwenye utangulizi, ile sala inayotangulia Mtakatifu, akaimba "Inueni mioyo," kisha akanyamaza. Tukamjibu sisi wa kwaya. Akatutazama, akawatazama waamini waliokaa mbele yake, akarudia tena "Inueni mioyo." Tukamjibu tena sisi. Baada ya Misa akaniita sakristia: "Mwalimu, mle ndani nina watu kama 600, na wanaonijibu ni 40. Hao wengine wamekuja kufanya nini?" Nikamwambia, "Padre, waamini wa hapa ndivyo walivyo, ni wazito." Akasema hakuna mtu anayezaliwa mzito, akaendelea kuvua kanzu yake.

Tangu siku hiyo sina amani. Ametaka Bwana Utuhurumie, Mtakatifu na Mwanakondoo ziimbwe kwa tuni ambazo kanisa zima linazijua. Ile Misa mpya, yaani tuni mpya za sehemu hizo, tuliyoifanyia mazoezi miezi mitatu ameomba tuiweke kando kwanza. Waimbaji wamenuna. Wawili, tena wale ninaowategemea kwa solo, wamesema kama ni kuimba kama watoto wa komunyo ya kwanza, afadhali wakae nyumbani.

Halmashauri ya walei nayo imeingilia. Wapo wanaosema dawa ni kumpa kila mtu kazi: wasomaji waongezwe, maandamano yaongezwe, watoto wacheze, na watu wote wahimizwe kupiga makofi na kuinua mikono ili ionekane wanashiriki. Mzee mmoja akasimama akasema amehudhuria Misa miaka 50 bila kumwinulia mtu mkono, na kama huko si kushiriki, basi waliosoma wamweleze alikuwa anafanya nini muda wote huo. Kikao kikaishia hapo, watu wakatoka bila kuagana.

Hayo yote ningeyavumilia. Linaloninyima usingizi ni mama yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuimba. Nilipokuwa mdogo sauti yake ilikuwa ikisikika kutoka benchi la tatu mpaka mlangoni, wala hakuwahi kuwa mwanakwaya. Siku hizi anasimama amefumba mdomo, kitabu cha nyimbo amekibana kwapani. Nilidhani ni uzee. Lakini nyumbani akiwa anafua anaimba, tena nyimbo nzima na beti zake zote. Juzi nikamuuliza, "Mama, mbona kanisani huimbi?" Akacheka kidogo, akasema: "Mwanangu, mnaimba vizuri mno. Mimi nikifungua mdomo nitawaharibia."

Nimekosea wapi? Je, kweli ili waamini washiriki ni lazima kwaya ishushe kiwango? Na nitawaambia nini waimbaji wangu?

Mwalimu Asiyelala

*

Mwalimu, milele na milele, amina.

Hebu tuanzie hapohapo. Umenisalimu, nikaitikia kabla sijafikiri kama sauti yangu ni nzuri au mbaya. Ningekaa kimya ungejua nimekukosea adabu, au sikukusikia, au tumegombana. Sasa mweke padre wako mahali pako. Anawaambia watu 600 "Inueni mioyo," na salamu yake inajibiwa na kundi la pembeni lililofanya mazoezi. Haulizi juu ya muziki, Mwalimu. Anauliza kwa nini salamu yake haiitikiwi na wale aliowasalimu.

Na mama yako ameshakupa jibu ambalo mimi nitalizungushazunguka tu. "Nitawaharibia." Akiwa anafua hamharibii mtu, kwa sababu ule wimbo ni wake. Kanisani anaona umekuwa wenu, na yeye amekuwa mgeni wenu. Mgeni mwenye adabu hagusi vyombo vya mwenye nyumba.

Kabla sijakulaumu, na nitakulaumu kidogo, nikutoe hofu moja. Padre wako hakuja na mambo yake mwenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake ya kwanza, ile ya Liturujia Takatifu, tarehe 4 Desemba 1963, kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Katika kifungu cha 14 maaskofu walisema Kanisa linataka waamini wote waongozwe kwenye kushiriki kikamilifu, kwa kuelewa na kwa utendaji, na kwamba hiyo ni haki yao na wajibu wao kwa sababu ya Ubatizo. Tazama neno haki. Ubatizo hauulizi mtu anaimba sauti ya ngapi. Kifungu cha 48 kinaongeza kwamba waamini wasihudhurie fumbo hili kama wageni au watazamaji bubu. Na kama wapo wanakwaya wanaosema hayo ni mageuzi ya juzi, waambie Papa Pius wa 10 aliandika juu ya kushiriki kwa utendaji miaka 60 kabla ya hapo, tarehe 22 Novemba 1903, na tena ndani ya hati iliyohusu muziki wa kanisa. Tarehe 22 Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Sidhani nilikuwa na haja ya kumweleza hilo mwalimu wa kwaya.

Hata hivyo, hati ileile ya 1963, kifungu cha 114, inaagiza kwaya zikuzwe kwa bidii. Kwa hiyo hakuna anayetaka kuiua kwaya yako. Swali ni kwaya inaimba nini, na inamwachia nani kitu gani. Hapo ndipo nadhani ulipoteleza, na hukuteleza peke yako. Mimi nilifundisha kwaya miaka kadhaa na nilifanya kosa hilihili nikiwa na furaha kabisa.

Tarehe 5 Machi 1967 Roma ilitoa maelekezo juu ya muziki katika liturujia, yanayojulikana kwa jina la Kilatini, Musicam Sacram. Kuanzia kifungu cha 28 yanapanga vitu vya kuimbwa katika Misa kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni salamu ya padre na jibu la watu, sala anazoziongoza na Amina yake, mashangilio ya Injili, ule mjibizano wa utangulizi, Mtakatifu, hitimisho la Sala ya Ekaristi, Baba Yetu, salamu ya amani, na kuagana. Ngazi ya pili ni Bwana Utuhurumie, Utukufu, Mwanakondoo, Kanuni ya Imani na maombi ya waamini. Ya tatu, yaani ya mwisho, ndiyo yenye nyimbo za kuingia, za matoleo na za komunyo, pamoja na zaburi ya katikati, aleluya na masomo. Halafu linakuja agizo ambalo ningependa ulibandike mahali mnapofanyia mazoezi: ngazi ya kwanza inaweza kutumika peke yake, lakini ya pili na ya tatu zisitumike kamwe bila ya kwanza.

Sasa niambie, Mwalimu, katika mazoezi yenu ya wiki iliyopita mlitumia dakika ngapi kwenye ngazi ya kwanza? Na ngapi kwenye wimbo wa kuingia? Najua jibu, maana ndilo lililokuwa langu. Tunajenga paa kwanza, tunalipaka rangi, tunalisifia, halafu tunashangaa nyumba haina kuta. Wimbo wa mwanzo una sauti nne na solo mbili. "Ni vema na haki" inasemwa kama mtu anayejibu akiwa usingizini.

Jambo la pili limo katika hati hiyohiyo, kifungu cha 16. Mazoea ya kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote za Misa, zile zinazobadilika kila Dominika na zile zisizobadilika, hadi watu wakafungiwa nje kabisa, hayakubaliki. Hiyo Misa mpya ya miezi mitatu, kama ilikuwa na Utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo ambazo ni kwaya tu inaziweza, basi ilielekea hukohuko. Simtetei padre kwa sababu ni padre. Angeweza kukuita mkazungumza kabla ya kuirudia salamu ile hadharani. Kumsahihisha mwalimu mbele ya wanafunzi wake kunaacha kidonda, na ukipata nafasi mwambie hivyo kwa heshima. Lakini kwa jambo lenyewe, yuko sahihi.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Katika karne ya 4 mtaguso mdogo wa Laodikia, katika kanuni yake ya 15, uliagiza kwamba kanisani wasiimbe wengine ila waimbaji walioteuliwa, wale wanaopanda mimbarini na kuimba kutoka kitabuni. Bila shaka kulikuwa na fujo walizotaka kuzizuia, na natumaini mama yako hakuwa mmoja wa watuhumiwa. Lakini fikiria: kinywa cha mtu wa kawaida kikishafungwa, kukifungua tena huchukua karne. Wasomaji wangu wa makanisa mengine, msicheke sana. Najua mnasema Luther aliwarudishia watu nyimbo kwa lugha yao tangu 1524, na ni kweli. Lakini barua za namna hii nazipata hata kutoka kwenu, tofauti ikiwa tu kwamba badala ya kwaya ya sauti nne kuna kikundi cha sifa chenye spika kubwa na taa.

Kinyume cha Laodikia ni Amina. Neno hili nakuomba ulipe wiki nzima.

Wale wa zamani walilichukua kwa uzito kuliko sisi tunavyochukua mahubiri. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 27 Walawi wanatamka laana 12, na kila moja watu wote wanajibu Amina. Bila jibu hilo agano limebaki upande mmoja. Paulo anawauliza Wakorintho, katika waraka wa kwanza sura ya 14, mtu wa kawaida ataitikaje Amina kwenye shukrani yako ikiwa haelewi unachosema? Maana yake Paulo hakutosheka na sala ambayo haimwezeshi mtu wa kawaida kuitikia. Mwaka 155 hivi, huko Roma, Yustino shahidi alimwandikia Kaisari kumweleza Wakristo hufanya nini wanapokutana. Hakueleza kwaya. Alieleza kwamba kiongozi akimaliza sala na shukrani, watu wote waliopo huitikia Amina, akaona ni muhimu kumfafanulia mpagani kwamba hilo ni neno la Kiebrania lenye maana ya "na iwe hivyo." Na Mtakatifu Yeronimo, mfasiri wa Biblia, katika karne ya 4, aliandika kwamba makanisani Roma Amina ilivuma kama ngurumo ya mbinguni.

Ngurumo, Mwalimu. Yenu ikoje? Sikiliza Dominika ijayo pale mwisho wa Sala ya Ekaristi, padre akiinua mkate na kikombe na kumaliza "Kwa njia yake, pamoja naye, na ndani yake." Maneno yale ni ya padre peke yake. Amina ni ya watu. Ndiyo Amina kubwa kuliko zote katika Misa, na katika makanisa mengi hutoka kama pumzi ya mtu anayeketi kitini. Kama ningekuwa wewe, mwezi mzima nisingefundisha wimbo wowote mpya. Ningeifundisha hiyo Amina, kwa nota tatu au nne tu, kanisa zima likiwa limekaa, dakika tano kabla ya Misa, mimi nikiwa nimesimama mbele yao bila kinanda. Mara ya kwanza watakutazama tu. Mara ya pili watajibu wachache, wengi wao wakiwa akina mama wa mabenchi ya mbele. Usiwagombeze wala usiseme "hamjaniridhisha, rudieni," kana kwamba ni darasa la watoto. Shukuru, nenda kaanzishe Misa. Dominika ya tatu utashangaa.

Tukigusa ufundi, nina mambo ambayo najua yanawafungia watu midomo, nayo hayahusu imani hata kidogo.

La kwanza ni urefu wa sauti. Waimbaji wako wamezoezwa, wanapanda bila shida. Mtu aliyetoka kitandani saa moja iliyopita, ambaye hajaimba tangu Dominika iliyopita, anaimba kwa raha kuanzia C ya katikati ya kinanda mpaka D iliyo juu ya C inayofuata. Ukimpandisha E mara moja moja, atajitahidi. Ukimweka huko ubeti mzima, wanaume wanashuka oktava au wananyamaza, na wazee wananyamaza kabisa. Kwaya nyingi huchagua mahali pa kuanzia wimbo kwa sababu soprano wanang'aa hapo. Soprano wanang'aa, kanisa linazimika. Shusha nota mbili uone.

La pili ni spika, na hapa huwa nakasirika. Mtu anathubutu kuimba akimsikia jirani yake akiimba. Asipomsikia jirani, wala kujisikia mwenyewe, anaona sauti yake haina kazi. Kwaya ya watu 41 yenye vipaza sauti inamfunika kila mtu, hata anayeimba anaonekana kama hayupo. Jaribuni Misa moja bila vipaza sauti vya kwaya. Mtajisikia wanyonge kwa dakika kumi za mwanzo, halafu mtaanza kuwasikia watu ambao hamkujua wapo.

Halafu huu wingi wa nyimbo mpya. Mwanakwaya anauona wimbo mara nne au tano mazoezini kabla haujafika kanisani. Muumini anausikia mara moja, na Dominika ijayo mmeshaleta mwingine. Hapo huwezi kumwita mvivu. Hajapata nafasi ya kujua. Wimbo mpya mmoja ukae hata wiki sita, ukirudi na kurudi, mpaka wanakwaya wenyewe waseme wamechoka nao. Hapo ndipo waamini wanaanza kuushika. Na mpiga kinanda apige tuni yenyewe kama utangulizi, ile watakayoiimba watu, wala si madoido yake; kisha awape nafasi ya kuvuta pumzi. Nimeona wapiga kinanda wanaoingia kwenye wimbo kama mtu anayefunga mlango kwa teke.

Sasa hao waimbaji wako walionuna. Usiwaambie wanyenyekee, hakuna mwanakwaya aliyewahi kurudi kwa kuambiwa anyenyekee. Wape kazi iliyo ngumu kuliko ile waliyonyang'anywa. Watu wakiimba tuni ya Mtakatifu wanayoijua, kwaya iizungushie sauti tatu nyingine, laini, zinazowabeba bila kuwafunika. Kuimba sauti ya pili chini ya watu 600 wasio na mazoezi, bila kuwavuta wala kuvutwa nao, kunahitaji sikio na nidhamu kuliko solo yoyote. Wale wawili wa solo wape zaburi ya katikati: beti zao wao, kiitikio cha kanisa zima. Hapo sauti moja nzuri ina heshima yake kamili, na kazi yake ni kuamsha sauti nyingine. Na baada ya komunyo, watu wakiwa wamekaa, kwaya iimbe wimbo wake wa sauti nne bila aibu yoyote. Kusikiliza kwa moyo nako ni kushiriki. Maelekezo yaleyale ya 1967 yanasema hivyo katika kifungu cha 15. Ile Misa mpya msiitupe. Chagueni kipande kimoja, tuseme Mwanakondoo, watu wafundishwe "utuhurumie" yake tu, kwaya ibebe yaliyosalia. Mwakani mtaongeza kingine.

Na kama bado watataka kuondoka? Waage vizuri. Usifunge mlango. Wengi hurudi wakisikia kanisa linaimba, maana hakuna mwimbaji anayevumilia kukaa nje ya hilo.

Kuhusu halmashauri, huko nitakuwa mfupi. Kumpa mtu kazi na kumwezesha kushiriki ni vitu viwili. Kifungu cha 28 cha hati ya Mtaguso kinasema kila mmoja, awe mhudumu au muumini, afanye yale tu yanayomhusu, na yote yanayomhusu. Ukiongeza wasomaji kutoka wawili hadi wanane umewapa kazi watu sita. Hao 590 waliobaki wamepata watu zaidi wa kuwatazama. Papa Benedikto wa 16 alilionya jambo hili mwaka 2007: kushiriki kwa utendaji kusidhaniwe kuwa ni shughuli za nje tu wakati wa ibada. Makofi na mikono ni vizuri vikitoka moyoni mwa watu. Vikitoka kwenye agizo la kikao, vinakuwa zoezi la viungo.

Kwa hiyo yule mzee yuko sahihi, lakini nusu. Ukimya nao umeandikwa. Kifungu cha 30 cha hati ya Mtaguso kinataja ukimya mtakatifu kwa wakati wake, na Maelekezo ya Misale ya Kirumi, kile kitabu cha sala za Misa, namba 45, yanaeleza nyakati zenyewe: wakati wa kukiri dhambi, padre akishasema "Tuombe," baada ya somo au mahubiri, na baada ya komunyo. Hebu chunguza kama kwaya yako haiujazi kila ukimya wa namna hiyo kwa kinanda, kwa kudhani kwamba mahali palipo kimya pana kosa. Nami nilidhani hivyo. Niliwahi kusahau kuweka wimbo wa shukrani, tukakaa dakika mbili kanisa zima bila sauti yoyote, nikitokwa jasho. Baadaye watu watatu walikuja kunishukuru kwa "ile nafasi."

Nusu ya pili ya yule mzee ndiyo hii: kifungu hichohicho cha 30, kabla ya kutaja ukimya, kinataja mashangilio, majibu, zaburi, antifona, nyimbo, matendo na mikao ya mwili. Mwendee siku moja, kwa heshima zote anazostahili, umuulize kama padre akisema "Bwana awe nanyi" yeye hujibu. Nadhani atasema ndiyo, tena kwa hasira kidogo. Basi mwombe akae katikati ya kanisa badala ya nyuma. Sauti moja ya mzee anayejibu bila woga inawafungua vijana 20 waliomzunguka.

Ulichomwambia padre, kwamba waamini wa hapo ni wazito, usikirudie tena. Watu hao hao wakiwa msibani wanaimba usiku kucha bila mwalimu, bila kitabu, bila kinanda. Uzito umeanza mlangoni mwa kanisa.

Imebaki mama yako. Usimwambie aimbe. Ukimwambia atatii kwa ajili yako, na Dominika mbili zikipita atanyamaza tena. Kwanza mwachie msaidizi wako fimbo ya kuongozea siku moja, ukakae naye benchi la tatu, Misa nzima, uimbe ukiwa hapo. Usikie anachosikia. Nadhani mpaka mtakapofika kwenye Mtakatifu utakuwa umeelewa zaidi ya haya yote niliyoandika.

Kisha siku ya kufua, kaa karibu naye bila kusema umekuja kufanya nini. Akianza kuimba, nenda polepole kwenye kinanda chako, utafute ameanzia nota gani. Anzeni hapo Dominika inayofuata, kwaya nzima, wimbo huohuo. Halafu niandikie uniambie ilikuwa nota gani. Nina dau kwamba iko chini ya ile mnayoanzia sasa.